Jinsi ya kuvitungia kanuni vitabu vya ajabu katika mchezo wa kuigiza wa Zama za Kati

Kitabu cha kwanza cha uchawi nilichowapa wachezaji wangu kilivunja safari nzima, yaani kisa tulichokuwa tukikicheza kikao baada ya kikao. Mchezo wenyewe si wa jukwaani, ni wa mezani: mmoja anasimulia kisa, wengine wanaigiza watu waliomo, na dadu huamua kama wanafaulu. Wahusika wao walikikuta kwenye kaburi la askofu, jalada jeusi, kurasa za ngozi, na mimi kwa furaha nikakipa uwezo wa aina nne: kujua lugha zote, kumwona adui kabla hajatokea, kuponya majeraha na kufungua mlango wowote. Sikukiwekea sharti hata moja. Baada ya Jumamosi tatu hakuna aliyetaka tena kumtafuta mkalimani, kupeleleza njia, kwenda kwa tabibu wala kuiba funguo. Kila tatizo lilijibiwa kwa maneno mawili: "Tunafungua kitabu." Tulikuwa tunachezea Pasua hapa Moshi, sebuleni kwa mmoja wetu, na nilipotazama nyuso za wenzangu niliona watu wanaosubiri chai iive, si watu walio ndani ya kisa.

Tangu wakati huo ninapotunga kitabu cha mchezo naanza na mwili wake: uzito, ngozi, wino, vifungo, mahali kinapokaa. Uwezo wake nauacha uje baadaye. Nimeona mara nyingi kwamba kanuni iliyotoka kwenye mwili wa kitabu wachezaji wanaikumbuka bila kuisoma tena, na ile iliyobandikwa tu juu yake wanaisahau kabla ya kikao kwisha.

Kwanza maneno tunayotumia mezani kwetu. Anayeendesha mchezo ni msimulizi. Mtu wa kubuni anayechezwa na mchezaji ni mhusika. Vikao vinavyofuatana katika kisa kimoja tunaviita safari, maana neno kampeni limeshachukuliwa na uchaguzi. Namba ambayo dadu pamoja na nyongeza za mhusika (namba anazoongezewa kwa ujuzi wake) lazima ziifikie ni kizingiti. Kurusha dadu ili dhara lisikupate ni kujinusuru. Na maneno ya uchawi yanayosomwa yakatenda kazi tunayaita tabano.

Hatua ya 1: Kijue kwanza kitabu cha kawaida

Huwezi kufanya kitu kiwe cha ajabu kama wachezaji hawajui cha kawaida kikoje. Sisi tumezoea daftari la shilingi chache na fotokopi za steshenari. Katika Ulaya ya Zama za Kati kitabu kiliandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi, na kwa karne nyingi kiliandikwa juu ya ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi. Ngozi ililowekwa kwenye maji ya chokaa, ikakwanguliwa manyoya, ikawambwa kwenye fremu na kukaushwa ikiwa imevutwa. Haikupikwa kwa dawa kama ngozi ya kiatu. Anayejua ngoma inavyowambwa anaijua ngozi hiyo tayari.

Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza ngoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka ngoma ya kwaya?"

"Hapana mzee. Nataka kipande tu cha ngozi, niwaonyeshe wenzangu ukurasa wa kitabu cha zamani ulivyokuwa."

Alinikatia kipande cha ukubwa wa sahani na kunionya nisikilaze penye unyevu, kwa sababu ngozi ikinywa maji inajikunja na kuvimba. Onyo hilo limenisaidia kuliko kurasa nyingi za kanuni. Ndiyo sababu vitabu vingi vya ngozi vilitengenezewa mbao kwa jalada na vifungo vya chuma au shaba pembeni: bila kubanwa, kurasa zinanyanyuka zenyewe hewa ikiwa na unyevunyevu. Kipande kile kinazunguka mezani kwetu kila safari mpya inapoanza. Mchezaji akishakishika hahitaji maelezo marefu.

Kisha fanya hesabu ya mbuzi. Kwa kitabu kikubwa, ngozi moja ilikunjwa mara moja ikatoa majani mawili, yaani kurasa nne. Kitabu cha majani 200 kimekula ngozi 100. Waambie wachezaji waulizie bei ya mbuzi mmoja mnadani, wazidishe kwa 100, halafu waongeze mshahara wa mwandishi anayemaliza kurasa chache tu kwa siku. Hapo wataelewa kwa nini mtawa yuko tayari kumfukuza mwizi wa kitabu hadi nchi ya tatu.

Kama huna kanuni za kuanzia, zipo za bure. Januari 2023 waraka wa kanuni za msingi za mchezo maarufu wa aina hii, Dungeons & Dragons, toleo la 5.1, uliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons. Unaruhusiwa kuupakua, kuuchapisha na kuubadilisha mradi utaje ulikotoka. Humo kitabu cha kawaida ni sarafu 25 za dhahabu na uzito wa ratili 5, zaidi kidogo ya kilo 2. Mchawi anayenakili tabano kwenye kitabu chake hutumia saa 2 na sarafu 50 kwa kila ngazi ya tabano hilo. Vimo pia vitabu vya thamani kubwa ambavyo mhusika akivisoma kwa saa 48 ndani ya siku zisizozidi 6, sifa yake moja (kama nguvu au akili) hupanda kwa 2, kisha kitabu hulala miaka 100. Ukiviangalia vizuri, vyote vinakudai muda. Chukua fikra hiyo uondoke nayo.

Hatua ya 2: Chagua ajabu moja tu

Moja. Nikipata mawazo matano natengeneza vitabu vitano.

Ajabu si lazima iwe uchawi, kwa maana historia yenyewe imejaa vitabu vya kushangaza. Codex Gigas, kilichoandikwa Bohemia (sasa Ucheki) mwanzoni mwa karne ya 13 na sasa kipo Stockholm, kina uzito wa karibu kilo 75, urefu wa sentimita 92, na inakadiriwa kilikula ngozi za wanyama 160. Ndani yake mna picha ya ibilisi inayojaza ukurasa mzima, na hadithi ya zamani inasema mtawa aliyehukumiwa kifo aliahidi kukimaliza kwa usiku mmoja, akaomba msaada wa huyo aliyechorwa. Kwa msimulizi, kilo 75 ni zawadi kubwa kuliko ibilisi. Watu wawili wanakibeba, na wote wawili mikono yao haina upanga. Kwenye ngazi za mnara kinahitaji kamba. Mtumbwini kinahitaji mtu mmoja abaki ufukweni. Hukuandika kanuni yoyote ngumu, na tayari kila chumba kimekuwa swali.

Kinyume chake ni kitabu cha mshipini: kidogo, ngozi ya jalada imerefushwa ikafungwa fundo, na fundo limechomekwa kwenye mkanda. Kilining'inia kichwa chini ili mwenyewe akikiinua kiwe kimenyooka machoni pake. Kanuni yake ni fupi: kukisoma hakuhitaji kushusha mzigo, na mnyang'anyi aliye karibu anaweza kukivuta kwa kurusha dadu mara moja.

Huku kwetu pia kuna mengi ya kuchota. Kiswahili cha zamani cha pwani kiliita kitabu chuo, ndipo watoto wakawa wanakwenda chuoni kusoma. Ethiopia ina hati ndefu za ngozi za kumkinga mtu, ambazo mara nyingi urefu wake ulilingana na kimo cha mwenyewe ili kinga imfunike utosini hadi nyayoni. Tengeneza hati kama hiyo katika mchezo na kanuni inajiandika: inamkinga mtu wa kimo kile tu. Mhusika mfupi anaikanyaga, mrefu anabaki na kichwa nje, na adui mwenye akili anajua pa kupiga.

Na huku mlimani Wachagga walikuwa na mregho, fimbo yenye alama zilizochongwa, iliyotumika kuwafundishia vijana wakati wa jando. Sichukui mafunzo yale kuyaweka mchezoni, hayo yana wenyewe. Nachukua umbo: kitabu kisicho na ukurasa, kinachosomwa kwa kidole hata gizani, na ambacho bila mwalimu ni mti mtupu. Kwa kitabu cha namna hiyo nimeondoa dadu kabisa. Hakuna bahati inayokifungua. Lazima wahusika wamtafute mzee mmoja aliyefundishwa, wampelekee wanachostahili kumpelekea, wakae chini wasikilize. Mezani kwetu walikwenda na jani la sale, kwa sababu mchezaji mmoja kutoka Marangu alisema kwao huwezi kumwendea uliyemkosea bila hilo. Nililikubali papo hapo na kuliandika liwe sehemu ya kanuni.

Hatua ya 3: Uliza maswali matatu, kwa mpangilio huu

Kinadai nini? Kinatoa nini? Nani mwingine anakitaka?

Wasimulizi wengi huanza na la pili, na nilieleza hapo juu yaliyonipata nilipofanya hivyo. Anza na madai. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho wa mwongozo huu, kitabu nilichokiita Kitabu cha Masika, kilichozaliwa kutokana na lile onyo la mtengeneza ngoma.

Mwili wake: majani 200 ya ngozi ya mbuzi, kilo 20, jalada la mbao, vifungo viwili vya shaba, kimoja kimekatika. Kinadai kifunguliwe na mvua. Hewa ikiwa kavu kurasa zimeshikana na hakuna anayeona kitu. Mvua ikinyesha usiku, ngozi inavimba, kifungo kilichobaki kinalegea, kitabu kinafunguka chenyewe. Kinatoa sentensi moja ya kweli kuhusu jambo litakalotokea usiku huohuo, mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa mwendo wa siku moja. Na anayekitaka ni monasteri, nyumba ya watawa kilikoibwa. Watawa nao wanajua maana ya mvua, kwa hiyo usiku wa mvua ndio usiku wanaotoka kukitafuta.

Angalia jinsi majibu matatu yanavyoshikana. Wakati kitabu kinapokuwa na faida ndio wakati kinapokuwa na hatari. Ukipata mshikano huo, kazi kubwa imekwisha.

Hatua ya 4: Geuza madai yawe namba

Hapa tuongee kuhusu dadu, kwa sababu wengi wetu tunaanza na dadu za ludo. Dadu ya pande 20 si kitu unachokikuta dukani kila siku. Tunatumia programu ya simu, na umeme ukikatika na chaji kuisha tunatumia vikaratasi 20 ndani ya kikombe. Unaweza pia kurusha dadu tatu za ludo na kujumlisha. Wastani ni uleule, 10.5, lakini tabia si moja, na ukihamisha vizingiti bila kuangalia utawaonea wachezaji.

Chukua kizingiti cha 15. Kwa dadu ya pande 20, mhusika asiye na nyongeza anafaulu mara 30 katika 100. Kwa dadu tatu za ludo anafaulu kama mara 9 tu katika 100, kwa sababu jumla kubwa ni adimu. Mhusika mwenye nyongeza ya 5 anafaulu mara 55 katika 100 kwa ile ya kwanza, na zaidi kidogo ya 62 kwa zile tatu. Maana yake, dadu za ludo zinampendelea msomi na kumfungia mlango mtu wa kawaida. Kwa vitabu ninapenda hivyo: maandishi ya kale hayapaswi kusomwa kwa bahati na askari aliyelewa. Lakini kama unataka kila mtu mezani awe na nafasi, shusha kizingiti hadi 12.

Kwa Kitabu cha Masika niliandika hivi. Kila usiku wa mvua kitabu kikiwa wazi, rusha dadu moja ya ludo. Ikitoka 2 hadi 5, msomaji anapata sentensi moja ya kweli. Ikitoka 6, anapata sentensi na jina la mtu. Ikitoka 1, ukurasa uliofunguka ni ule ambao abati (mkuu wa watawa) wa zamani aliandika usiku mapacha wake walipozama mtoni, kabla hajawa mtawa, na huzuni yake inamwingia msomaji. Ajinusuru kwa kizingiti cha 12. Akishindwa, usiku huo hapati usingizi na kesho yake kila anachokifanya kinapungua kwa 2.

Moja katika sita inaonekana ndogo. Ihesabu kwa usiku kadhaa: wakifungua mara 4, uwezekano wa kukutana na huzuni ya abati angalau mara moja umeshapita nusu, kama 52 katika 100. Fanya hesabu hii kwa kila laana unayoitunga. Mimi huangalia safari yangu ina vikao vingapi na jambo litarushiwa dadu mara ngapi kwa jumla. Laana inayotokea mara moja au mbili katika safari nzima watu wanaisimulia miezi baadaye. Ikitokea kila Jumamosi wanaizoea, na ikishazoeleka haitishi.

Hatua ya 5: Kitabu kisichosomeka

Hiki nakipenda kuliko vyote. Maktaba ya chuo kikuu cha Yale, Marekani, inatunza hati ya Voynich: kurasa zaidi ya 200 zenye michoro ya mimea na nyota, na maandishi ambayo hakuna aliyethibitisha kuyasoma. Ngozi yake imepimwa kwa kaboni ikaonekana ni ya kati ya 1404 na 1438. Watu wenye akili nyingi wamekaa nayo miaka wakaondoka mikono mitupu.

Kosa la kawaida mchezoni ni kukifungua kitabu cha aina hii kwa kurusha dadu mara moja. Ukifaulu umesoma chote, ukishindwa hujasoma kitu. Fumbo la miaka mia linakwisha kwa sekunde mbili, au linakwama milele na kisa kinakwama nalo.

Badala yake kifanye shamba linalolimwa. Kitabu kina alama 6 za kufikiwa. Kila wiki ya mchezo ambayo mhusika ametulia na kusoma, anarusha dadu ya pande 20 dhidi ya kizingiti cha 15. Akifaulu anapata alama 1. Akizidi kizingiti kwa 5 au zaidi anapata alama 2. Akishindwa hapati kitu. Kwa mhusika mwenye nyongeza ya 5, wastani ni alama 0.85 kwa wiki, hivyo atamaliza kwa takribani wiki 7. Kama unataka kitabu kisomwe kabla ya majira ya baridi katika kisa chako, sasa unajua uanze lini kukitoa.

Jambo la muhimu zaidi ni kwamba kila alama inampa mchezaji kitu cha kushika. Alama ya 1: unagundua kwamba neno moja linarudi kila ukurasa. Alama ya 2: ni jina la mto. Alama ya 3: michoro si mimea, ni ramani ya mifereji iliyotazamwa kutoka juu. Mchezaji wangu mmoja alibashiri mambo ya alama ya 5 alipokuwa bado kwenye ya 3, kwa akili yake mwenyewe, akiwa anaosha vyombo nyumbani. Alinipigia simu usiku. Nilimpa alama zote mbili bila dadu. Mchezaji akifikiri vizuri, dadu ikae pembeni.

Pia ruhusu msaada kutoka nje: kamusi ya zamani sokoni inaongeza 2, mtumwa aliyezaliwa karibu na mto ule anaongeza 4. Hapo kitabu kinawasukuma wahusika watoke ndani wakutane na watu.

Hatua ya 6: Vitabu vinavyokwisha

Ngozi ilikuwa ghali mno hata watu wakakwangua maandishi ya zamani na kuandika upya juu yake. Nakala ya karne ya 10 ya kazi za Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ilifutwa hivyo, ikakunjwa, ikageuzwa upande na mwaka 1229 ikawa kitabu cha sala. Hesabu za Archimedes zilibaki chini ya sala, zikikatiza mistari kwa mlalo mwingine, hadi wataalamu wa miaka yetu walipozipiga picha kwa mwanga maalumu.

Mchezoni, maandishi ya chini yanaonekana kwa mwanga unaopiga ukurasa kwa pembeni, asubuhi au machweo, na kila jaribio linauchosha ukurasa. Tumia dadu inayopungua. Anza na ya pande 8. Kila ukisoma, irushe; ikitoka 1 au 2, shuka kwenye dadu ya pande 6, kisha ya pande 4, kisha maandishi yamepotea. Kwa wastani unapata visomo 9. Msimulizi hahitaji kuhesabu chochote, na wachezaji wanaisikia hofu kila dadu inapobadilishwa na ndogo zaidi. Kanuni hiyohiyo inafaa kwa wino mweusi wa chuma na vinundu vya mwaloni, ambao ukikosewa vipimo hula ukurasa wenyewe.

Lakini kitabu kinachokwisha kilichonifundisha zaidi ni kile tulichokinywa. Waswahili wa pwani wanalijua kombe: aya huandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa. Mezani kwetu tuna Waislamu na Wakristo, kwa hiyo niliuliza kwanza kama wazo hili linamkera mtu, na sikuchukua aya wala jina lolote takatifu. Nilichukua tendo la kunywa maandishi. Nikatunga kitabu cha sahani 12 za udongo zilizofungwa kwa kamba, kila moja na mistari minne ya mashairi ya mfalme aliyesahaulika. Ukimwagia maji na kunywa, unalijua tabano lile hadi jua litue mara mbili. Sahani inabaki nyeupe.

Nilidhani kanuni imekamilika. Kikao cha kwanza, kijana mdogo kuliko wote akauliza, "Kaka, tukigawana maji vikombe vinne?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Ningesema hapana, ningekuwa ndani ya haki yangu. Nikaangalia mwili wa kitabu: mistari minne, vikombe vinne. Nikaamua kila anayekunywa anaujua mstari mmoja, na tabano linafanya kazi wote wanne wakiwa pamoja na kila mmoja akisema wa kwake kwa zamu. Wakainuka kwenye viti. Kuanzia siku hiyo walipigana kwa kulindana, kwa sababu akianguka mmoja, mstari umekosekana. Kanuni bora ya safari ile ilitoka kwenye swali la mchezaji, na jibu lilikuwa limeshaandikwa kwenye sahani.

Hatua ya 7: Minyororo na laana

Fupi. Kwenye kanisa kuu la Hereford, Uingereza, kuna maktaba ambayo vitabu vyake hadi leo vimefungwa minyororo kwenye rafu. Mnyororo umeshikizwa ukingo wa mbele wa jalada, hivyo kitabu kinakaa mgongo ukitazama ndani. Kanuni: unasoma palepale, chini ya macho ya mlinzi, na huoni jina la kitabu kwenye mgongo. Kuukata kunapiga kelele.

Waandishi wa enzi zile pia waliandika laana kwa mwizi kwenye ukurasa wa mwisho. Nakushauri laana isianze kitabu kinapoibwa, ianze mwizi anapousoma ukurasa huo. Wachezaji wataambizana wasifike mwisho wa kitabu, na lazima yupo mmoja atakayefika.

Hatua ya 8: Kadi, jaribio, kisha mkabidhi mchezaji

Andika kila kitu kwenye kadi moja ya ukubwa wa kiganja. Kisipoenea, kanuni ni nyingi, punguza. Kadi ya Kitabu cha Masika inasema hivi:

Kilo 20. Mikono miwili.
Kimefungwa wakati wa kiangazi, hakisomeki.
Usiku wa mvua, kikiwa wazi: dadu ya ludo. 1 huzuni ya abati (kujinusuru 12). 2–5 sentensi ya kweli. 6 sentensi na jina.
Kikilowa moja kwa moja: poteza majani 10. Yaliyopotea yakifika 200, kimekwisha.
Usiku wa mvua watawa wako njiani.

Mstari wa mwisho unabaki kwa msimulizi. Katika nakala ya mchezaji uache wazi, waujaze wenyewe siku watakapogundua.

Kabla ya kikao, kaa peke yako uigize usiku tatu za mvua. Rusha dadu kweli, andika hizo sentensi za kweli kweli. Mimi nilipojaribu niligundua nahitaji sentensi za akiba, kwa sababu kutunga unabii papo hapo huku watu wanne wanakutazama ni kazi ngumu. Sasa huwa na sita tayari, na kila moja ni fupi: "Daraja la mashariki halitafika asubuhi." "Anayelia zizini si mnyama." Muda wa kikao ukiwa mfupi, sentensi kama hizo zinabeba usiku mzima.

Nilikitoa Kitabu cha Masika mwezi wa nne, mvua ya Moshi ikiwa juu ya bati letu kwelikweli na umeme umekatika tangu saa kumi na mbili. Tulicheza kwa taa ya chemli. Nilipeleka kipande changu cha ngozi ya ngoma, nikakiweka katikati ya meza, na kufikia saa mbili usiku kilikuwa kimeanza kujikunja pembeni chenyewe. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Halafu dada anayecheza mwizi akaniambia mhusika wake anavua mkanda wake na kukifungia kitabu mahali pa kile kifungo kilichokatika, ili wachague wenyewe usiku wa kukifungua. Nikachukua kalamu nikaongeza kwenye kadi: mkanda wa ngozi, ukikazwa kitabu hakifunguki, lakini suruali ya mwizi inahitaji kamba.